Sheri Kwenye Bakuli la Ivor

Pale Gunyarra, mji mdogo wa mashambani Australia, mwanamume anayekataa bia lazima atoe sababu. Ini, dini, au mke. Mojawapo ya hizo inatosha, na watu wanamsamehe. Ivor Dunstall hakuwa na mke, kanisani haonekani, na ini lake, ukimtazama anavyoshinda juani na mashine ya kukata nyasi, lilikuwa zima kuliko la mwenyekiti wa klabu. Raundi yake ikifika analipia meza nzima bila kunung'unika, kisha yeye mwenyewe anaomba maji ya ndimu yenye barafu. Klabu ya matufe, ule mchezo wa kuviringisha mipira mizito kwenye nyasi, ikiwa na wanachama waliokwisha kuchoka kuzungumzia mvua, mtu wa namna hiyo ni zawadi.

"Na hayo meno yake," alisema Merv Toohill, mwenyekiti. "Kila baada ya wiki mbili, Jumanne, anakwenda mjini kwa daktari wa meno. Ana meno mangapi huyu? Mamba?"

"Labda anakwenda kwa mwanamke," alisema Raelene.

"Basi ndiye mwanamke pekee anayemrudisha mtu saa kumi jioni."

Raelene Kissick alikuwa katibu wa klabu, mjane, mpishi, na mwenye mdomo ambao ungeweza kuendesha kituo cha redio bila umeme. Alimpenda Ivor kwa namna mtu anavyompenda mwenzake asiyejitetea. Alimtania kwa kofia yake, kwa soksi zake zilizonyooshwa pasi, kwa tabia yake ya kuuliza kila chakula kimewekwa nini. Ivor alikuwa anacheka polepole, kama mtu anayeangalia kwanza kama kucheka kunaruhusiwa. Alipohamia Gunyarra alianza kukata majani ya kiwanja bila kuombwa, na tangu hapo matufe yaliviringika pale kama juu ya meza. Wajukuu wa Raelene aliwapandisha kwenye mashine, wakazunguka naye huku wakipiga kelele.

Siku ya chakula cha mchana cha kufungia mwaka joto lilikuwa kali, nzi wamejaa, na paja la nguruwe limefunikwa taulo la maji. Raelene alileta keki yake ya bakuli, ile ya tabaka: keki iliyolowekwa, jeli nyekundu, kastadi, matunda, krimu juu. Mji mzima ulijua kwamba keki ile hailowekwi kwa maziwa. Raelene alikuwa anamimina sheri, divai tamu iliyo kali, mpaka keki inakataa kunywa zaidi, kisha anaibembeleza.

Ivor alipewa bakuli lake. Akashika kijiko, asile.

"Raelene," akasema. "Humu kuna pombe?"

Meza ikatulia. Merv aligeuza uso ukutani na mabega yake yakaanza kutikisika. Mtu akamkanyaga mwenzake chini ya meza.

"Pombe?" Raelene akashika kiuno. "We Ivor! Hiyo ni juisi ya machungwa, mpenzi. Kula, krimu inayeyuka."

"Kweli?"

"Sasa unaniita mwongo mbele ya watu? Nakuapia."

Ivor alimtazama. Hakuwa na haraka katika kumtazama. Kisha uso wake ukalegea, akala, akasema ni tamu, akaomba tena, na tena. Kila bakuli lilipokwisha meza ililipuka kwa kicheko, na Ivor naye akacheka kwa sababu wenzake wanacheka. Mashavu yalimwiva. Merv akasema bwana meno leo ameota pembe. Raelene alirudi nyumbani na bakuli tupu na mbavu zinamuuma. Ilikuwa siku nzuri kuliko zote za mwaka ule.

Jumanne Ivor akaenda mjini kama kawaida. Ijumaa mashine ya nyasi haikusikika.

Jumamosi asubuhi Raelene akafunga vipande vya nguruwe kwenye karatasi akaenda kumgongea. Gari jeupe lilikuwa mlangoni. Akafunguliwa na mwanamke mdogo wa umbo, mwenye kitambulisho shingoni, akajitambulisha kwa jina la Thuy, muuguzi. Nyuma yake Ivor alikuwa ameketi kwenye kochi, amevaa viatu, begi miguuni.

"Meno tena?" Raelene akamtania. "Safari hii wanang'oa kichwa kizima?"

Hakuna aliyecheka.

"Mwache aingie," Ivor akamwambia Thuy. "Huyu ndiye watu watakayemuuliza. Afadhali asikie kutoka kwangu."

"Si lazima, Ivor."

"Najua si lazima." Akamgeukia Raelene. "Nilimuua kaka yangu."

Raelene alicheka. Kicheko kilitoka chenyewe, kile kile cha klabu, kabla hajakiwahi. Kikafika katikati ya chumba kikafa, na yeye akabaki ameshika nyama.

"Keith," alisema Ivor. "Shambani kwetu, wakati wa kukata manyoya ya kondoo. Kwa nyundo ya kupigilia nguzo za ua. Jaji akasema sina hatia."

"Kumbe hukumuua?"

"Nilimuua."

"Sasa... hatia..."

Thuy ndiye aliyemsaidia. Alisema siku ile Ivor alikuwa mgonjwa wa akili kiasi cha kutojua kwamba anachofanya ni kibaya, na mtu wa namna hiyo sheria haimwiti mhalifu. Lakini pia haimwambii haya nenda zako. Alikaa miaka mingi katika hospitali ya kufungiwa, halafu jaji akamruhusu kuishi nje chini ya usimamizi wa mahakama, kwa masharti. Dawa. Vipimo kila baada ya wiki mbili. Asiguse pombe.

"Na mimi," Thuy akasema. "Mimi ni sharti mojawapo."

"Lililo gumu kuliko yote," alisema Ivor, na Thuy akatabasamu kidogo, na Raelene akaona kwamba watu hawa wawili wametaniana hivyo kwa miaka, Jumanne zile zote.

Raelene akavuta kiti. Akakaa. Alikuwa anaitazama mikono ya Ivor juu ya magoti, mikono mikubwa yenye madoa ya jua, na kila alipojaribu kutazama kitu kingine macho yalirudi pale pale. Mikono hiyo ilimshika Tahlia, mjukuu wake, kiunoni ili asianguke kwenye mashine.

"Mwezi wa pili nilikuwa nirudi mahakamani," Ivor akaendelea. "Waniondolee amri. Niwe mtu tu. Sasa kipimo cha Jumanne kimeonyesha pombe mwilini."

Raelene akanyanyua kichwa.

"Nimewaambia sikunywa. Thuy anataka kuniamini, lakini kipimo ni kipimo. Nimepitia kila kitu kilichoingia mdomoni mwangu. Hata dawa ya kikohozi siwekagi ndani. Chakula cha klabu nakiamini, kile niliuliza." Alimtazama kwa macho yale yale ya siku ile, yasiyo na haraka. "Unajua kwa nini huwa nauliza? Keith alikuwa ananitilia vidonge kwenye supu. Kwa siri, na kwa nia njema, maana nilikuwa nakataa kumeza. Siku moja nikaviona chini ya bakuli. Akaapa hakuna kitu. Baada ya hapo nikaanza kufikiri, kama huyu ni kaka yangu, mbona ananidanganya machoni? Basi si yeye. Basi ni mtu mwingine amevaa sura yake. Nikaendelea kufikiri hivyo mpaka siku ile."

Nzi alitua kwenye karatasi ya nyama. Raelene hakumfukuza.

"Kwa hiyo mimi napenda watu wanaonijibu moja kwa moja," alisema Ivor. "Na sasa ona. Kama nimekunywa na sikumbuki, basi inarudi. Ugonjwa unarudi. Nimemwambia mwenyewe Thuy anirudishe hospitali, kabla sijamdhuru mtu."

Ilikuwa kwenye ulimi wake. Neno dogo, sheri, lisilozidi mate ya kumeza mara moja. Raelene alifungua mdomo ule ambao Gunyarra nzima ilikuwa haijawahi kuuona umefungwa, na hakikutoka kitu. Aliweka nyama mezani. Akasema, "Pole, Ivor." Thuy akamkumbusha mlangoni kwamba jina la Ivor na kesi yake vimekatazwa na mahakama kutangazwa, asimwambie mtu, hata mmoja. Raelene akaitikia kwa kichwa.

Hofu ilikuwa na hesabu yake, na hesabu hiyo Raelene aliipiga kila usiku na kila asubuhi akiwa anaosha vyombo. Akisema, mtu aliyeua kwa nyundo atarudi kuishi mtaa wa pili, atawapandisha watoto kwenye mashine. Akinyamaza, atabaki kule kwenye milango ya chuma, kwa madaktari, na kwa hiari yake mwenyewe. Nani atakuwa amemfunga? Si Raelene. Ni kipimo. Akajiambia hivyo, na ikamkaa vizuri kwa muda kama kiatu cha kuazima.

"Ivor yuko wapi?" Merv aliuliza klabuni. Majani ya kiwanja yalikuwa yameanza kuota mashungi. "Au keki yako imemlaza? Kichwa kinamgonga mpaka leo?"

"Amekwenda kwa ndugu zake," Raelene akajibu.

"Ana ndugu?"

Raelene aliingia jikoni akafungulia bomba kwa nguvu ili asisikie kicheko.

Wiki ilikuwa imepita na ziada simu ilipolia akiwa ananyoosha nguo. Sauti ilikuwa ya Ivor, lakini nzito, kila neno limebeba jiwe mgongoni. Wamempandishia dawa, alisema. Alitaka kuomba msamaha kwa kumtisha siku ile.

"Usiombe msamaha," alisema Raelene. "Tafadhali."

"Mambo yanakwenda vizuri. Nimekubali kwamba nilikunywa. Daktari anasema kukubali ni hatua kubwa." Akapumua. "Na sasa nimeanza kukumbuka, Raelene. Naiona hata chupa."

Pasi ilikuwa mkononi mwake.

"Chupa gani, Ivor?"

"Ya kahawia. Nadhani niliinunua mjini, nikainywa kwenye gari. Naiona kabisa, na kibandiko chake. Kwanza sikuikumbuka, lakini kila nikiwasimulia inazidi kuwa wazi."

Raelene hakuhisi moto mpaka harufu ya blauzi inayoungua ilipomfikia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile hakuogopa alichokifanya Ivor zamani. Aliogopa alichokifanya yeye. Alikuwa amemtoa mtu akili yake timamu, ameichukua kama bakuli tupu, na mwenyewe huko aliko anajitengenezea chupa ili aseme ukweli.

"Ivor, nisikilize. Hakuna chupa. Ni keki yangu. Ilikuwa na sheri ndani, nusu chupa na zaidi. Nilikudanganya. Ulikuwa mzima. Umesikia? Ulikuwa mzima kabisa."

Mahali fulani nyuma ya Ivor mlango mzito ulijifunga.

"Wewe una moyo mzuri," alisema Ivor hatimaye. "Lakini usinidanganye ili kunifariji. Nilikuuliza, ukaniapia."

Akakata simu.

Ndivyo Raelene Kissick alivyojikuta Melbourne, ndani ya gauni lake la mazishi, mbele ya jaji mwanamke mwenye miwani kwenye ncha ya pua. Alimsimulia Thuy yote, Thuy akampigia wakili wa Ivor, na wakili akasema maneno ya simu hayatoshi: maombi ya kumrudisha Ivor kwenye kifungo cha hospitali yamekwisha kuletwa, na humo mna kukiri kwake mwenyewe. Asemaye vinginevyo aje aape. Wenzake wa klabu walioona hawakuweza kuitwa bila kujua Ivor ni nani. Kwa hiyo alikuja peke yake.

Ivor alikaa kati ya walinzi wawili, amenenepa usoni, akitazama meza. Upande wa pili alikaa mwanamke mrefu mwenye mvi. Thuy alimnong'oneza Raelene kwamba ni Coral, mjane wa Keith. Huja kila kesi.

Raelene akaeleza. Keki, jeli, sheri, swali, kiapo. Alipofika kwenye mabakuli matatu na kicheko cha meza, karani alishusha kichwa kuficha tabasamu, na tabasamu lile lilimchoma Raelene kuliko tusi.

Wakili wa serikali, kijana mwenye tai nyembamba, akasimama. "Wewe ni rafiki yake."

"Ndiyo. Nilikuwa."

"Rafiki husema mengi ili rafiki arudi nyumbani. Bwana Dunstall mwenyewe amewaeleza madaktari kuhusu chupa. Ameieleza rangi yake. Tumwamini nani?"

"Msimwamini yeye. Yeye anaamini watu." Raelene akajinyooshea kidole. "Mimi nilikuwa na akili zangu zote siku ile. Yeye aliniuliza mara mbili."

Jaji aliinua kalamu. "Mama Kissick. Ulielezwa habari ya kipimo kabla hajapelekwa hospitali?"

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Ulijua hapo hapo kwamba ni keki yako?"

"Hapo hapo."

"Na ukakaa kimya zaidi ya wiki nzima. Kwa nini?"

Alikuwa amejiandalia jibu njiani kwenye treni. Mshtuko, umri, kutojua sheria. Alimtazama Ivor, na Ivor alikuwa ameinua uso sasa, anamsikiliza kwa kinywa kilichofunguka kidogo, kama mtu anayesikia mguu wake uliokufa ganzi ukianza kurudi. Jibu aliloliandaa likamtoka kichwani.

"Kwa sababu nilitaka abaki huko," alisema. "Nilisikia alichomfanyia kaka yake na nikataka asitoke tena. Nina wajukuu. Nikaona Mungu amenirahisishia. Nikanyamaza."

Hakuna aliyeandika. Hata kijana wa tai alisahau kukaa.

"Kumbe ilikuwa sheri," alisema Ivor kwa sauti, bila kuruhusiwa. "Nilihisi joto shingoni. Nikajiambia ni jua." Kisha akajifunika uso kwa mikono yote miwili, na mabega yakaanza kutikisika, na mlinzi mmoja akamwekea mkono mgongoni.

Jaji aliamua jioni. Ivor arudi nyumbani, dawa zishushwe, amri ya usimamizi iendelee kama ilivyokuwa. Ombi la kuiondoa mwezi wa pili halitasikilizwa. Daktari amesema mtu aliyejitungia kumbukumbu ndani ya siku chache anahitaji mwaka mwingine wa kuangaliwa. Mwaka ule ulikuwa wa Ivor, na Raelene alisikia ukikatwa kama kitambaa. Jaji alimwambia pia kwamba kumtilia mtu kileo bila ridhaa yake ni kosa, na polisi wakimtafuta asishangae. Raelene akasema hatashangaa.

Kwenye korido Coral alisimama mbele yake. Kwa karibu alikuwa na uso uliochoka tu, usio na ukali.

"Mimi huja kuwaomba wasimtoe kamwe," alisema. "Na mara ijayo nitakuja kuwaomba. Lakini nilitaka wamkatalie kwa lile alilofanya. Si kwa keki yako." Akaenda zake.

Mwezi wa kwanza, mashine ya nyasi ikasikika tena.

"Huyo! Kafufuka!" Merv alipiga meza. "Raelene, alikuwa wapi hasa? Wewe unajua. Wewe unajua hata paka wa jirani kala nini."

"Sijui, Merv."

"Weee! Raelene hajui! Mwiteni daktari, katibu kapata kiharusi cha mdomo!"

Wakacheka wote. Raelene akashika birika la chai, akaanza kuzunguka nalo mezani kama kila Jumamosi. Kisa chote kilikuwa kifuani mwake, kikubwa kuliko vyote alivyowahi kubeba, na mahakama imekifunga. Watu watamtania mpaka afe.

Ivor aliingia, akanawa mikono, akakaa mwisho wa meza. Alifungua kopo la bati lenye mkate aliotoka nao nyumbani.

"Umeokoka na keki ya huyu mama sasa?" Merv akamuuliza. "Umejifunza?"

"Nimejifunza," alisema Ivor, na wakacheka tena.

Raelene alimfikia. Ivor akaweka kiganja juu ya kikombe chake.

"Ni chai tu," Raelene alisema kwa sauti ya chini.

"Naona."

"Nichemshe nyingine mbele yako? Uione tangu majani?"

Ivor alitikisa kichwa. Hakuwa na hasira. Raelene alikuwa amejiandaa kwa hasira yake wiki hizo zote, na haikuja.

"Nilikushukuru moyoni ulipokuja kule," alisema. "Bado nashukuru. Lakini nikitazama kitu ulichonimiminia naanza kufikiri. Hivi kuna nini humu, hivi huyu ni nani, mbona anatabasamu. Na mimi, Raelene, sitakiwi kumfikiria mtu hivyo. Unaelewa? Kwa usalama wako."

Alisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemwonyesha mwenzake ngazi iliyovunjika.

"Wengine hapa tunakufa kiu, bibie!" Merv aliita.

Kiganja cha Ivor hakikuondoka. Raelene alipita na birika, akammiminia Merv, chai ikamwagika kwenye sahani.